Uzi wa Buluu Ndani ya Redio

Sisi tuliokunywa maji ya mtungini na kusikia habari za dunia kwenye redio iliyovalishwa kitambaa, hebu tuketi kidogo. Leo nimekumbuka nyumbani. Vijana wakitaka kusikiliza, karibuni pia, ila najua kabla sijafika mbali mtakuwa mmeshaangalia simu mara nne. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nimeangalia yangu mara moja tangu nianze kuandika haya.

Tuliishi Otonglo, nyuma kidogo ya soko, katika nyumba ya mabati iliyozungukwa na ua wa minyaa. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, kaka yangu Odhiambo, na mimi Achieng, kitinda mimba. Baba alikuwa karani wa ghala mjini Kisumu. Kila asubuhi alibana suruali kwa vibanio vya nguo ili isinaswe na mnyororo, akapanda baiskeli akaenda, na kila jioni kwenye saa kumi na moja tulimsikia akipiga kengele tangu duka la kona. Hakukuwa na mtu barabarani wa kupisha. Alipenda tu tujue kwamba anakuja.

Baba alikuwa mtu wa mambo mengi, na kila jambo alilipenda kwa moyo wote mpaka lingine lilipotokea. La kwanza lilikuwa mitambo. Jumamosi alikwenda Kondele kwa mafundi wa kando ya barabara, akarudi na mfuko uliojaa nyaya, balbu, vipande vya redio zilizokufa na vitu ambavyo hata yeye hakujua majina yake. Alifungua tochi zisizo na shida. Alifungua saa ya ukutani. Kila alipofungua kitu na kukifunga tena, skrubu mbili tatu zilibaki mkononi, naye aliziweka ndani ya kopo la maziwa ya unga akisema aliyetengeneza alizidisha. Kopo lile lilijaa, akaanza la pili.

Mara moja alileta televisheni ya kuazima. Wenzangu wa rika mnakumbuka televisheni ya betri ya gari, ile yenye mgongo uliotoka nje nusu mita. Odhiambo alipandishwa juu ya paa kuzungusha eriali iliyofungwa kwenye mti mrefu, Mama akasimama mlangoni kupeleka ujumbe, Baba akawa ndani macho kwenye kioo. "Bado," alisema Baba. "Bado," alisema Mama. Odhiambo anazungusha. "Hapo hapo, usiguse." Akishuka tu, chenga zinarudi. Wiki nzima tuliona nusu ya bwana mmoja anayesoma habari, upande wa kushoto, mpaka betri ikaisha nguvu na mwenye televisheni akaja kuichukua. Siku hizi mtoto akingoja picha sekunde tatu analia kwamba mtandao uko chini.

La pili lilikuwa vinywaji. Sisemi pombe, Baba alikuwa mtu wa kanisa. Nasema chai. Kwake chai ya maziwa ilikuwa jambo la kawaida mno, na turungi ilikuwa kama kurasa tupu za kuandikia. Alitia mchaichai, tangawizi, maganda ya machungwa, ndimu, majani ya mpera. Msimu wa ukwaju alichemsha ukwaju. Alipoonja alifumba macho, akasema, "Hapa kuna kitu," hata kama hakukuwa na kitu. Muda mfupi baada ya kumwoa Mama alimpikia chai ya mwarobaini, akamwambia inasafisha damu. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe kwa fahari, akisema Mama alimaliza kikombe chote bila neno. Soda haikuingia kwetu ila mgeni akija. Hapo nilitumwa dukani na chupa tupu, nikarudi nikiomba njia nzima mgeni aseme ana vidonda vya tumbo. Wageni wetu wote walikuwa na matumbo mazima. Walikunywa mpaka tone la mwisho, wakacheua, wakasema Mungu awabariki.

La tatu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Baba alipenda kujifunza. Aliishia darasa la saba, na lile la nane ambalo hakulipata lilimfuata maisha yake yote. Alisoma chochote chenye maandishi. Mama akinunua nyama, Baba aliikunjua yeye mwenyewe ili asome gazeti lililoifunga, akilinyoosha mezani na damu zake, na kama habari ilikatika katikati alikasirikia mwenye bucha. Alisoma maagizo ya dawa ya mbu. Alisoma nyuma ya pakiti ya majani ya chai mpaka anwani ya kiwanda.

Kutokana na mapenzi hayo matatu ndipo alipobuni desturi ya nyumba yetu. Akirudi jioni, aliosha uso, akapika mchanganyiko wake wa siku hiyo kwenye birika kubwa, akaliweka mezani. Viti vilikuwa vitatu: cha Baba, cha Odhiambo, na changu. Kabla hajamimina alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Umeleta nini?" Hapo kila mmoja alipaswa kutoa kitu kimoja kipya alichojifunza tangu jana. Si cha kukariri. Kitu ulichokutana nacho ukakielewa. Baba naye alileta chake. Halafu aliamua, na aliyeleta kizuri kuliko wote alipewa kikombe cha kwanza.

Kikombe hicho, jamani. Vingine vilikuwa vya bati vilivyobambuka, lakini kile kilikuwa kikubwa, cheupe, kimechorwa maua mekundu, na hakikuwa na hata alama. Kiliingia kijiko cha ziada cha sukari. Wa mwisho alipewa kilichobaki chini ya birika, pamoja na majani yote. Nilikunywa majani mengi katika utoto wangu, maana Odhiambo alikuwa darasa la nane na vitabu vyake vilikuwa vinene. Yeye alileta mabara na mapafu. Mimi wa darasa la tano nilileta kwamba mwalimu wetu ana meno mawili ya dhahabu.

Mama hakuwa mezani. Alikuwa jikoni, kwenye kigoda chake, mlango wa pili. Msimshangae Baba sana, mnajua ilivyokuwa kwetu. Kwa jirani zetu baba alikula peke yake au na wageni, mama na watoto walikula jikoni. Baba kumketisha msichana mezani kulifanya watu waseme ameharibiwa na magazeti. Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu kwamba Mama alitupitishia sukari, akasikiliza maswali na majibu kupitia mlango, akaosha sufuria. Hakuna aliyemuuliza ameleta nini. Mimi pia sikuona ajabu. Nilikuwa na shughuli ya kutazama kikombe.

Mchana mambo yalikuwa tofauti. Mchana redio ilikuwa ya Mama. Ilikaa juu ya kabati sebuleni, redio ya mbao, pana, imevalishwa kitambaa cheupe chenye ukingo wa buluu alichokifuma mwenyewe. Vitambaa vya nyumba nzima vilikuwa hivyo, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, na kikapu chake cha nyuzi hakikutoka mkononi. Mawe ya redio, yaani betri, yakipungua nguvu tuliyaanika juu ya mabati kando ya dagaa wetu, omena, jua likayapa uhai wa siku mbili. Saa saba ndiyo ilikuwa saa yake, saa ya matangazo ya vifo kwa Kijaluo. Mnaotoka pande zetu hamhitaji kuelezwa. Ukikosa tangazo ukakosa kwenda msibani, utasemwa mpaka na wewe utangazwe. Mama alitoka pande za Bondo, jamaa zake walikuwa wengi, na redio ile ndiyo ilikuwa njia yake ya kujua nani yuko na nani hayuko.

Sheria ya Baba ilikuwa moja. Mgongo wa redio haufunguliwi na mtu ila yeye.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Jumatatu moja nilitoka shule kuja kula mchana. Odhiambo alikula shuleni na wenzake wa darasa la nane, kwa hiyo nilikuja peke yangu, vumbi mpaka magotini, maana mapumziko yote tulikuwa tumecheza kati na nilikuwa nimepigwa mpira mgongoni mara tano. Nilishangaa kukuta mlango wa sebule uko wazi upana wa kiganja. Mama hakuacha mlango wazi. Kuku wetu walikuwa na tabia ya kuingia na kupanda viti, na mtoto aliyesahau mlango alipiga deki nyumba nzima. Nikachungulia.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, redio mbele yake imelala kifudifudi, mgongo wake umefunguliwa. Mnaokumbuka redio hizo mnajua ndani yake kulikuwa na kamba nyembamba iliyozunguka magurudumu madogo. Ukizungusha kitufe cha stesheni, kamba ndiyo inayovuta mshale. Kamba ya kwetu ilikuwa imekatika, iko kwenye mkeka. Mama alikata uzi wa buluu kutoka kikapuni, akaupaka nta ya mshumaa, akaupitisha gurudumu hili na lile kwa ncha ya sindano ya kufumia, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Akafunga fundo, akakata kwa meno. Akazungusha kitufe, na mshale ukatembea kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Akafunga mgongo wa redio kwa skrubu zake zote nne. Hakuna hata moja iliyobaki.

Aliiwasha, akairudisha juu ya kabati, akaivalisha kitambaa na kukikunja pale pale Baba alipopenda kikunjwe. Nilikuwa bado mlangoni. Akapita kando yangu kwenda jikoni, akasema, "Umefika? Nyoyo iko kwenye sufuria, kula haraka." Hakuniambia nisiseme. Wala sikuona kama alishtuka. Nilikula mahindi na maharagwe yangu bila kuyasikia ladha, kwa sababu kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwangu. Leo kikombe ni changu.

Naomba mnielewe, nilikuwa mtoto. Mchana wote darasani nilipanga jinsi nitakavyosema, jinsi Baba atakavyofumba macho aseme hapa kuna kitu. Wenzangu waliniita kwenye brikicho, mchezo wa kujificha, baada ya shule, nikakataa. Mimi nikikataa brikicho ujue kuna jambo.

Jioni Baba alipika chai ya tangawizi na maganda ya chungwa. Odhiambo akaleta kwamba moyo wa ng'ombe una vyumba vinne, na Baba akafurahi sana, akataka kujua kila chumba kina kazi gani. Nikaona kikombe kinaondoka. Nikasema haraka, kabla sijaulizwa, kwamba ndani ya redio kuna kamba inayovuta mshale, ikikatika unaweza kuweka uzi wa kufumia, lakini lazima uupake nta kwanza usije ukateleza.

Baba alifumba macho kweli. Akatabasamu. Kisha akayafumbua polepole.

"Achieng," alisema, "umeiona wapi redio iliyofunguliwa?"

Jikoni, sauti ya kusugua sufuria ikanyamaza. Niliangalia mlango ule, na kule kuangalia kukatosha. Baba aliinuka, akachukua bisibisi, akaishusha redio na kuifungua mezani kando ya birika. Uzi ulikuwa pale, buluu kama ukingo wa kitambaa alichokuwa amekitoa sekunde chache tu zilizopita. Alikitazama kitambaa, akautazama uzi.

"Min Odhi," aliita. Ndivyo alivyomwita Mama, Mama Odhiambo kwa lugha yetu.

Mama alikuja akijifuta mikono kwa leso. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Baba Odhi. Kamba ilikatika saa tano. Matangazo ni saa saba. Ningekungoja mpaka jioni, watu wazikwe mimi sijui?"

"Na waya wa spika mwezi ule uliopita?"

"Ni mimi."

"Na ile springi ya mawe iliyokuwa imelegea?"

"Ni mimi pia."

Baba aliweka bisibisi chini. "Nami nilidhani ni mimi," alisema.

Leo nikisimulia hapa watu hucheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Baba aliifunga redio kimya, akaichukua pamoja na kikombe chake, akaingia chumbani. Kikombe cha maua kilibaki kwenye sinia kikiwa kitupu. Odhiambo alinitazama kwa lile jicho la kaka mkubwa, akaniambia, "Sasa umeharibu."

Niliamini. Kulikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda cha Baba, lenye kufuli, alimoweka vyeti vyetu vya ubatizo na kila alichotaka kisiguswe. Niliona wazi redio ikiingia humo. Niliona Mama saa saba, ameketi na kikapu chake cha nyuzi katika nyumba isiyo na sauti, na huko Bondo shangazi fulani anazikwa bila yeye. Na sababu ni mimi, na kijiko kimoja cha sukari. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba kesho yake nilipiga deki bila kutumwa. Nikachota maji bila kutumwa. Mama akaniuliza kama naumwa.

Siku tatu birika halikuuliza kitu. Baba alirudi, akaosha uso, akapika turungi tupu isiyo na hata jani la mchaichai, tukanywa kila mtu akiangalia kikombe chake. Redio ilirudi juu ya kabati asubuhi ya Jumanne, lakini hilo halikunituliza. Nilifikiri anasubiri tu apate kufuli kubwa zaidi. Mama alikuwa kama kawaida, na hilo lilinitisha kuliko yote. Aliendelea kuosha sufuria zake, akitusikiliza tukinyamaza.

Ijumaa tulisikia kengele ya baiskeli, lakini kwa mbali sana, na ilichukua muda mrefu kukaribia. Tulitoka nje. Baba alikuwa anasukuma baiskeli kwa miguu, na juu ya keria kulikuwa na kiti. Kiti cha mbao, kipya, bado kinanuka maranda ya mbao, kimefungwa kwa mpira wa tyubu. Alikuwa amekiagiza kwa seremala wa sokoni siku ile ile ya Jumanne, tulikuja kujua baadaye. Hakusema neno. Alikiingiza ndani, akasogeza cha Odhiambo huku, changu kule, akakiweka kile kipya upande wa pili wa meza, kutazamana na chake. Akaosha uso. Akapika chai, na siku hiyo alitia kila kitu, mchaichai, tangawizi, ndimu, nyumba nzima ikanukia.

"Min Odhi," aliita, "njoo uketi."

Mama alikuja na leso yake mikononi. Aliketi ukingoni mwa kile kiti, kama mgeni kanisani. Baba alikichukua kikombe cha maua, akakimimina mpaka juu, akatia sukari vijiko viwili vya ziada, akakisogeza mbele yake. Hakuwahi kummiminia mtu kabla ya kuuliza. Kisha akauliza.

"Umeleta nini?"

Mama alikunja leso yake mara mbili. Alitazama kikombe. Mimi nilikuwa nimeshika chini ya meza kwa mikono miwili.

"Nianze na ya mwaka gani?" alisema.

Sijawahi kumwona Baba vile. Aliinamisha kichwa, mtu mzima na masharubu yake, akasugua meza kwa kidole mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Odhiambo alikuwa na miaka kumi na minne. Baba na Mama walikuwa wameoana kabla ya hapo. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la tano niliiweza.

"Anza na ya mwaka wa kwanza," alisema Baba, sauti chini.

"Mwaka wa kwanza," alisema Mama, "nilijifunza kwamba ile chai yako ya mwarobaini hainyweki."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Odhiambo akacheka, nami nikacheka huku nikilia, na Mama akarudi nyuma akaegemea kiti chake kwa mara ya kwanza, akanywa. Jioni ile alizungumza mpaka chai ikapoa. Alijua mambo ambayo vitabu vya Odhiambo havikuwahi kuyasikia. Alijua jinsi ya kumtambua samaki aliyelala barafuni siku tatu ingawa muuzaji amempaka damu mashavuni. Alijua kwa sauti ya mtangazaji kama marehemu alikuwa mtu mkubwa, kabla jina halijatajwa. Alijua kwa nini mawe ya redio yaliyoanikwa asubuhi hudumu kuliko ya adhuhuri, au alidhani anajua, na Baba akabishana naye kwa furaha ya mtu aliyepata mwenzake. Kuanzia siku hiyo redio ilikuwa na mafundi wawili. Baadaye kidogo wanawake wa sokoni wakaanza kuleta redio zao, na hawakumtafuta Baba. Baba mwenyewe aliwaelekeza jikoni.

Nami nilikunywa majani zaidi tangu hapo, maana washindani walikuwa wamefika watatu.

Miaka imepita. Baba alitutoka zamani, na kabla ya mazishi yake mtu wa redio alilitaja jina lake saa saba, vizuri, kwa sauti ile ya watu wakubwa. Odhiambo anafundisha chuoni huko Bondo. Mimi niko Kisumu mjini, na ukitaka kujua Baba alikwenda wapi, ingia nyumbani kwangu. Nina simu mbili na saa inayohesabu hatua zangu na kunikaripia. Nina mashine ya kusaga tangawizi na mitungi sita ya majani dirishani, na wikendi najifunza kwa mtandao mambo ambayo hayanihusu, juzi ilikuwa ufugaji wa nyuki. Nyuki sina. Binti yangu Tracy husema mimi huanza vitu kumi. Namwambia ni ugonjwa wa ukoo, na yeye unamnyemelea.

Mwezi uliopita tulikwenda naye Otonglo kumwona Mama. Nyumba sasa ni ya matofali, viti ni vya plastiki, isipokuwa kimoja. Mama anakikalia mwenyewe, hakuna mwingine anayethubutu. Macho yamepungua lakini masikio yako sawa. Tulipika chai, na kabla sijamimina Mama akamgeukia Tracy.

"Umeleta nini?"

Tracy hakuinua hata kichwa. Alitelezesha kidole, akasoma kwamba pweza ana mioyo mitatu.

"Hiyo ni ya simu," alisema Mama. "Wewe je, umeleta nini?"

Mtoto wangu aliinua kichwa. Aliweka simu mezani, na hilo lenyewe mimi sijaliweza kwa miaka mitatu. Akafikiri. "Dani," alisema, maana ndivyo tunavyomwita nyanya, "nimeona kuku wako. Ukipiga chafya wote wanakimbia, ila yule mweupe. Yule hasikii." Mama alipiga makofi. Alikuwa amemshuku kuku huyo wiki nzima.

Kisha akanigeukia mimi. Na mimi, ambaye nilikuwa nimejitayarishia nyuki, nilishindwa na nyuki. Kile kiti kilikuwa mbele yangu.

"Mama, nimeleta ya zamani," nilisema. "Siku ile ya uzi, nilikuuza kwa sababu ya kikombe. Sijawahi kukuomba msamaha."

Mama alinitazama kwa macho yake yaliyofifia, akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika.

"Achieng. Mlango ule uliwahi kuuona wazi siku gani nyingine?"

Niliweka birika mezani.

"Nilikuwa nafunga mlango miaka yote hiyo, natengeneza, nafungua mlango. Siku ile nilichoka. Odhi angenifichia. Wewe nilijua huwezi, ulipenda kikombe kile kuliko kula." Akapapasa kikapu chake kando ya kiti, maana bado anafuma, kwa vidole tu. "Na uzi mweupe, wa rangi ya kamba yenyewe, nilikuwa nao, tele."

Tracy alituangalia sote wawili bila kuelewa, simu yake ikiwaka peke yake mezani. Siku hizi mtu akitaka kusikika anaandika maneno mawili, na dunia imeshayasoma kabla chai haijapoa. Mama yangu alihitaji uzi wa buluu, mlango ulioachwa wazi upana wa kiganja, na mtoto asiyeweza kufunga mdomo wake. Na kabla ya hapo alingoja zaidi ya miaka kumi na minne, mlango wa pili kutoka mezani, akiwa na vitu vya kuleta kila jioni.

Kikombe cha maua kilivunjika zamani. Nilichagua kikubwa kuliko vyote nilivyokuta, nikatia sukari vijiko viwili vya ziada ingawa daktari amekataza, nikammiminia wa kwanza.